Nani aliamua Sauti ya Amerika iseme nini? Nyaraka zilizofunguliwa na namna ya kuzisoma ukiwa Mwanhuzi

Katikati ya Machi 2025, waliozoea kuitafuta Sauti ya Amerika (VOA) kwenye redio waliikosa. Idhaa ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 1962, ilinyamaza pamoja na idhaa nyingine nyingi za shirika hilo baada ya Rais Donald Trump kusaini amri ya kulipunguza.

Kwa mji kama Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, hilo si jambo dogo. Hii ni nchi ya pamba na mifugo, na redio ya betri ilifika vijijini miaka mingi kabla ya simu janja. Habari za London, Washington na Cologne zilisikika hapa kwa Kiswahili safi, na wengi walizichukulia kama mvua: zinakuja tu kutoka juu.

Lakini redio zina wenyewe. Kila idhaa ya nje ina mkurugenzi, mkurugenzi ana bosi wake, na bosi huyo yuko karibu na serikali. Walichoandikiana watu hao kimehifadhiwa kwenye nyaraka za serikali, na sehemu kubwa ya nyaraka hizo sasa iko wazi. Nyingine zinasomeka bure kwa bando la kawaida.

Kwa ufupi

- Nyaraka za iliyokuwa taasisi ya habari ya Marekani kwa nchi za nje, USIA, zipo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marekani, kundi namba 306.
- Barua na taarifa nyingi za viongozi wake wa miaka ya 1960 zimechapishwa mtandaoni.
- Uingereza ilificha maelfu ya mafaili ya makoloni yake, Tanganyika ikiwemo, hadi ilipobanwa mahakamani mwaka 2011.
- Tanzania ina sheria ya kufungua nyaraka za serikali baada ya miaka 30.

Diplomasia ya umma ni nini?

Diplomasia ya kawaida ni serikali kuzungumza na serikali: balozi anakwenda Ikulu au wizarani. Diplomasia ya umma ni serikali kuzungumza moja kwa moja na wananchi wa nchi nyingine. Inatumia redio, filamu, maktaba, magazeti, nafasi za masomo na siku hizi mitandao ya kijamii.

Jina hilo kwa maana ya sasa lilianza kutumika mwaka 1965. Aliyelitumia ni Edmund Gullion, mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa mkuu wa shule ya Fletcher katika Chuo Kikuu cha Tufts. Kazi yenyewe ilikuwa imeanza zamani. VOA ilianza kurusha matangazo Februari 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili. USIA iliundwa Agosti 1953 chini ya Rais Dwight Eisenhower na kukabidhiwa VOA. Nje ya Marekani ofisi zake zilijulikana kama USIS, na wasomaji wa zamani wa Dar es Salaam wanaikumbuka maktaba yake.

Kiswahili kiligombaniwa

Ukipanga tarehe za idhaa za Kiswahili, unaona mashindano:

- 1954: Redio Cairo ya Misri inaanza matangazo ya Kiswahili, wakati Kenya ikiwa kwenye vita vya Mau Mau. Mmoja wa watangazaji wake alikuwa Mzanzibari Ahmed Rashad Ali.
- 1957: BBC inaanza Idhaa ya Kiswahili, Juni 27.
- 1961: Redio Peking ya China inaingia.
- 1962: VOA inaanza Kiswahili.
- 1963: Deutsche Welle ya Ujerumani Magharibi inafuata.

Ndani ya miaka isiyofika 10, Misri, Uingereza, China, Marekani na Ujerumani Magharibi zote zilikuwa zikimsemesha Mswahili kwa lugha yake. Urusi ya Kisovieti nayo ilikuwemo kupitia Redio Moscow. Cairo ilikuwa ikiwashambulia wakoloni waziwazi, jambo lililowakera sana Waingereza.

Mitambo nayo ilisogezwa Afrika ili sauti ifike vizuri. Deutsche Welle ilikuwa na kituo cha kurushia matangazo Kigali, Rwanda, kuanzia 1965 hadi 2015. VOA ilijenga chake Liberia, ambacho kilipotea kwenye vita vya nchi hiyo mwaka 1990, kisha ikatumia vituo vya Botswana na São Tomé. BBC ilirushia kutoka Shelisheli hadi 2014.

Hakuna anayejenga mitambo ya namna hiyo kwa bahati mbaya. Kulikuwa na bajeti, vikao, na watu waliokalia viti.

Kiti cha Murrow

Mtu maarufu zaidi kuiongoza USIA ni Edward R. Murrow. Alikuwa mwandishi wa CBS aliyejijengea jina kwa kutangaza kutoka London wakati mabomu ya Hitler yakidondoka. Rais John F. Kennedy alimteua mwaka 1961.

Murrow aliamini kwamba propaganda nzuri kuliko zote ni ukweli, kwa sababu msikilizaji akikukamata unadanganya mara moja, hatakuamini tena. Msimamo huo ulijaribiwa mara tu alipoingia ofisini.

Muda mfupi kabla, akiwa CBS, alikuwa ametengeneza filamu ya televisheni iliyoonyesha umaskini wa vibarua wa mashambani Marekani. BBC ilipotaka kuirusha, Murrow, sasa akiwa kiongozi wa serikali, aliiomba isifanye hivyo. BBC ilikataa na kuirusha. Habari ikavuja, na Murrow akaaibika. Mtu yuleyule, kazi yake ileile, ila kiti kimebadilika.

Tatizo lake kubwa zaidi lilikuwa ubaguzi wa rangi nyumbani kwao. Mei 1963, polisi wa Birmingham, Alabama, waliwatupia mbwa na maji ya mipira ya zimamoto watoto na vijana weusi waliokuwa wakiandamana. Picha zilizunguka dunia nzima. Mwezi huohuo viongozi wa Afrika walikuwa Addis Ababa kuunda OAU, na Waziri Mkuu wa Uganda, Milton Obote, akaandika barua ya wazi kwa Kennedy kulaani kilichotokea.

Huwezi kumwambia msikilizaji wa Afrika Mashariki kwamba nchi yako ni ya uhuru wakati picha hizo ziko gazetini. Nyaraka za USIA za miaka hiyo zinaonyesha jinsi suala la rangi lilivyokuwa mzigo wa kudumu mezani: magazeti ya nje yamesema nini, balozi zimeripoti nini, na redio ijibu vipi bila kuficha.

Murrow aliondoka Januari 1964 akiugua saratani ya mapafu, akafariki Aprili 1965.

Waliomfuata, na ugomvi wa Vietnam

Nafasi yake ilichukuliwa na Carl Rowan, mwandishi wa habari na balozi wa zamani nchini Finland. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kushiriki vikao vya Baraza la Usalama la Taifa la nchi hiyo. Kwa Waafrika, uteuzi huo wenyewe ulikuwa ujumbe.

Chini yake alikuwepo Henry Loomis, mkurugenzi wa VOA tangu 1958. Ni katika uongozi wa Loomis ambapo VOA ilianzisha, mwaka 1959, matangazo ya Kiingereza cha taratibu kwa wanaojifunza lugha hiyo. Wapo Watanzania wengi waliokaza Kiingereza chao kwa matangazo hayo.

Vita vya Vietnam vilipopamba moto, serikali ya Rais Lyndon Johnson ilitaka VOA iseme mambo fulani na inyamazie mengine. Loomis alipinga, na mwaka 1965 akajiuzulu. Hoja yake ilikuwa kwamba VOA ni sauti ya taifa, haipaswi kuwa kipaza sauti cha utawala uliopo madarakani.

Ugomvi huo ulichukua zaidi ya miaka 10 kuingia kwenye sheria. Julai 12, 1976, Rais Gerald Ford alisaini hati ya misingi ya VOA. Kwa lugha nyepesi inataka mambo matatu: habari ziwe sahihi na zenye mizani, redio iiwakilishe Marekani yote badala ya kundi moja, na sera za serikali zielezwe wazi pamoja na mjadala wa wanaozipinga.

Filamu ambazo Wamarekani hawakuruhusiwa kuziona

Kuna jambo linalowashangaza wengi. Kazi za USIA zilitengenezwa kwa fedha za walipakodi wa Marekani, lakini wao wenyewe walizuiwa kuzipata. Sheria ya Smith-Mundt ya 1948, na hasa marekebisho yake ya 1972, ilikataza zisisambazwe ndani ya nchi. Hofu ilikuwa kwamba serikali ingeitumia taasisi hiyo kuwalisha propaganda wananchi wake.

Mfano ni filamu ya The March iliyoongozwa na James Blue, kuhusu maandamano makubwa ya Washington ya Agosti 1963 ambako Martin Luther King alihutubia. Nje ya nchi ilionyeshwa miaka ya 1960. Wamarekani wa kawaida walisubiri hadi sheria ilipolegezwa mwaka 1990 na kuruhusu kazi za USIA zilizopita miaka 12 zifunguliwe kupitia Hifadhi ya Taifa. Katazo lenyewe liliondolewa kwa kiasi kikubwa kuanzia Julai 2013.

USIA ilivunjwa Oktoba 1, 1999. Kazi zake nyingi zilihamia Wizara ya Mambo ya Nje, na redio zikawa chini ya bodi huru, ambayo tangu 2018 inaitwa USAGM.

Kilichotokea 2025

Amri ya Machi 14, 2025 iliagiza USAGM ipunguzwe hadi kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa na sheria. Siku iliyofuata zaidi ya wafanyakazi 1,300 wa VOA waliambiwa wakae nyumbani kwa likizo ya lazima, akiwemo mkurugenzi wao, Michael Abramowitz. Kari Lake, aliyeteuliwa na Trump, ndiye aliyesimamia mabadiliko hayo. Abramowitz na wenzake walikwenda mahakamani, na Jaji Royce Lamberth alitoa maamuzi kadhaa dhidi ya serikali mwaka huohuo.

Ukizisoma nyaraka za 1965 kwanza, unaona ugomvi wa 2025 una mizizi. Swali ni lilelile: mkurugenzi wa redio ya taifa anawajibika kwa nani, rais aliyepo au sheria? Tofauti ni kwamba safari hii jibu lilifika hadi kwenye redio ya msikilizaji. Loomis alipoondoka, matangazo yaliendelea. Mwaka 2025 yalikatika.

Uingereza: mafaili yaliyofichwa

Idhaa ya Dunia ya BBC ililipiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza hadi Aprili 2014, ilipohamia kwenye ada ya televisheni inayolipwa na Waingereza. Tangu 2016 serikali inachangia tena sehemu. Barua za wizara na BBC zipo sehemu mbili: Hifadhi ya Taifa iliyopo Kew, London, na hifadhi ya maandishi ya BBC yenyewe iliyopo Caversham, karibu na Reading.

Lakini si kila kitu kilihifadhiwa. Mwaka 1961, wakati Tanganyika ikijiandaa na Uhuru, waziri wa makoloni Iain Macleod alitoa maelekezo kwamba serikali mpya zisiachiwe nyaraka ambazo zingeiaibisha Uingereza. Baadhi zilichomwa moto. Nyingine zilisafirishwa kimyakimya.

Siri ilitoka mwaka 2011, wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walipoishtaki Uingereza. Mahakamani ikabainika kuna mafaili takribani 8,800 kutoka makoloni 37, yamefungiwa Hanslope Park. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Mafaili hayo sasa yapo Kew chini ya alama FCO 141, na Tanganyika imo.

Bila karatasi hizo, wazee wale wangebaki na maneno matupu mbele ya jaji. Hapo ndipo thamani ya nyaraka inapoonekana.

Na za kwetu je?

Tanzania haikuwa msikilizaji tu. Julai 1, 1965 shirika la utangazaji lilitaifishwa na kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Kutoka Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, RTD iliwapa muda wa hewani wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Matangazo hayo yalikwenda Msumbiji, Rhodesia, Namibia na Afrika Kusini. Kamati ya Ukombozi ya OAU nayo ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1994. Hiyo ilikuwa diplomasia ya umma ya Tanzania, na kwa serikali za makaburu na Wareno ilikuwa kero kubwa.

RTD na televisheni ya taifa ziliunganishwa kuwa TUT mwaka 2002, kisha ikaja TBC mwaka 2007. Mmoja wa viongozi wa kipindi hicho ni Tido Mhando, aliyeanzia RTD, akaongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC London, kisha akarudi kuliongoza shirika la taifa. Mkataba wake haukuongezwa mwishoni mwa 2010, na mjadala ulikuwa mkubwa. Kwa kanuni ya miaka 30, karatasi za maamuzi ya mwaka huo zinapaswa kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2040.

Kanuni hiyo ipo kwenye Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002. Maana yake ni kwamba majalada ya serikali kuhusu RTD ya miaka ya 1960, 1970 na 1980 yameshafikia umri wa kusomwa. Shida ni kwamba sheria inafungua kilichotunzwa tu. Faili lililoliwa na mchwa, au utepe wa sauti uliorekodiwa juu ya mwingine, hauna sheria ya kuurudisha.

Ndiyo maana leo ni rahisi kwa kijana wa Meatu kusoma alichoandika Murrow mwaka 1962 kuliko alichoandika mkurugenzi wa redio ya nchi yake mwaka huohuo. Historia ya redio zetu ikiachwa hivyo, itasimuliwa kwa karatasi za Washington na London.

Namna ya kuzisoma ukiwa Mwanhuzi

1. Anza na simu. Tovuti ya history.state.gov ina mfululizo wa nyaraka za mambo ya nje za Marekani ulioanza 1861. Yapo majuzuu maalumu ya diplomasia ya umma. La 1961 hadi 1963 ndilo lenye nyaraka za Murrow, na lilitoka 2017. Hakuna malipo wala kujisajili.

2. Tafuta kwa majina ya zamani. Andika Tanganyika, Zanzibar, Tanzania au Swahili kwenye sehemu ya kutafutia. Nyaraka ni za Kiingereza. Programu za kutafsiri zinasaidia kupata maana, ila hakikisha majina na tarehe kwenye nakala halisi.

3. Kwa filamu na picha ingia catalog.archives.gov na utafute kundi 306. Mafaili mengi bado ni ya karatasi na yapo College Park, Maryland, lakini maelezo yake yanaonekana mtandaoni.

4. Kwa mafaili ya Uingereza tafuta FCO 141 pamoja na neno Tanganyika kwenye orodha ya Hifadhi ya Taifa ya Kew. Orodha ni bure. Nakala za mafaili mara nyingi hulipiwa.

5. Kwa nyaraka za Tanzania, ofisi kuu ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo Upanga, Dar es Salaam. Kwa mtu wa Simiyu, kituo cha kanda kilichopo Mwanza ni karibu zaidi. Andika barua ya maombi ukieleza unatafuta nini na kwa ajili gani.

6. Usitafute "Mwanhuzi" pekee. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012. Kabla ya hapo Meatu ilikuwa Mkoa wa Shinyanga, na kabla ya kuwa wilaya ilikuwa sehemu ya Maswa. Wakati wa mkoloni, mafaili ya eneo hili yanapatikana chini ya Maswa, Jimbo la Ziwa. Wengi hukata tamaa hapa kwa kutafuta jina ambalo wakati huo halikuwa na faili lake.

7. Kwa taarifa za karibuni, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Omba kwa maandishi na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Ukiisoma, isome kwa macho mawili

Waraka wa serikali si msahafu. Ofisa anayemwandikia bosi wake huwa anajipendelea: idhaa yake inasikilizwa sana, bajeti yake haitoshi, mpinzani wake anadanganya. Angalia nani kaandika, kwa nani, tarehe gani na alitaka apewe nini. Mistari iliyofutwa kwa wino mweusi nayo inakuambia kuna kitu bado kinalindwa hadi leo.

Na kama nyumbani kuna mzee aliyesikiliza RTD au Cairo miaka hiyo, mrekodi kwa simu, andika tarehe na jina la mahali, utunze nakala mbili. Kumbukumbu hiyo haimo kwenye faili lolote, si Maryland, si Kew, si Upanga.